Harufu Iliyolinda Nyumba

Donatille alitimiza miaka arobaini na sita ndipo akapata bafu lake mwenyewe, lenye vigae vyeupe mpaka usawa wa bega, kioo ukutani na komeo la kufungia kwa ndani. Na bafu hilo akashindwa kuoga ndani yake, maana lilinuka.

Mabafu ya shida aliyajua vizuri. Wazazi wake waliikimbia Rwanda mwaka wa hamsini na tisa, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, wakaangukia Buyenzi, mjini Bujumbura. Huko waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, na uani kulikuwa na choo kimoja cha familia tisa. Asubuhi ulipanga foleni na kopo lako mkononi, ukiwaamkia kwa heshima watu ambao wote mnajuana mnakwenda kufanya nini. Hapohapo Buyenzi aliolewa, akazaa Achille na Natacha, akafiwa na mume, akauza vitenge sokoni miaka kumi na minane. Wateja walipomuuliza Mama Achille anatamani nini duniani, hakutaja gari wala dhahabu. Alisema anataka choo chake, na ufunguo awe nao yeye. Watu walicheka wakidhani anatania, wala hakuwa anatania hata kidogo.

Vita vilipokwisha mwaka wa tisini na nne, na waliokuwa wakimbizi wakaanza kurudi kwa malori, Donatille alifika Kigali mwezi wa Agosti na watoto wake, ambao sasa walikuwa watu wazima, na magodoro matatu, na sanduku la bati lililojaa vitenge. Mji ulikuwa na nyumba nyingi kuliko watu. Kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyelisema kwa sauti wakati wa kuchagua nyumba. Waliorudi walikuwa na neno lao zuri: hawakusema wameingia katika nyumba ya mtu, walisema wameikomboa. Ulikomboa nyumba kwa kufagia sebule na kuandika jina la familia getini kwa kaa la moto lililozimika. Aliyeandika kwanza ikawa yake, mpaka atokee mwenye bunduki asiyependa kusoma.

Alipita Nyamirambo akakataa, akapita Gikondo akakataa, kama mtu anayechagua nyanya. Kule Kimihurura akaiona nyumba ya matofali yenye mparachichi uani. Hakuangalia vyumba wala paa. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akaviona vile vigae, akavipapasa.

"Ni hapa," aliwaambia watoto.

Natacha alikuwa na miaka kumi na tisa na pua kali kuliko umri wake. "Mama, hapa panatoa harufu."

"Nyumba imefungwa miezi minne, unataka itoe manukato? Fungua dirisha."

Dirisha likafunguliwa, jina likaandikwa getini, na harufu ikabaki palepale.

Haikuwa harufu ya choo kichafu, maana choo chenyewe kilisuguliwa mpaka kikang'aa. Ilikuwa nzito, ya kitu kilichooza mahali usipopaona, ikija na kupotea kama mgeni asiyejua kuaga. Na mwaka ule Kigali harufu ya namna hiyo haikuwa na maana mbili. Majirani walikuwa bado wanafukua nyuma ya kuta, ndani ya visima, chini ya migomba. Donatille aliogopa. Aliogopa kwa dhati, kwa sababu alikuwa Mkatoliki na alijua huwezi kutandika godoro juu ya mtu ambaye hajazikwa. Aliogopa pia kwa sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu: mtu akipatikana, ataulizwa ni nani, na akijulikana ni nani, itajulikana nyumba ni ya nani.

Kwa hiyo aliamua kumshinda yule asiyeonekana kwa usafi. Mabomba ya mji yalikuwa hayatoi maji. Achille, aliyekuwa amesoma sheria mwaka mmoja tu Bujumbura kabla chuo hakijafungwa, alichota bondeni kwa jerikani, na kila alipopanda mlima aliitaja sheria moja iliyokuwa inavunjwa. Maji yakawa mali. Walioga uani kwa beseni, nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba, na maji ya povu yaliyobaki ndiyo yaliyosukuma choo. Bafuni, Donatille alipangusa vigae kwa kitambaa kibichi, akakikamulia ndoo, akaibeba ndoo nje na kumwagilia vitunguu. Tone halikupotea. Kadiri alivyopangusa ndivyo bafu lilivyozidi kunuka, na kadiri lilivyonuka ndivyo alivyozidi kupangusa.

Majirani nao wakaja na utaalamu. Winifred, mke wa Bayingana, walioishi ng'ambo ya ukuta na waliotoka Mbarara, Uganda, alisema ni panya aliyekula sumu akafia kwenye dari, maana kwao ndivyo ilivyokuwa. Achille akapanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani. Bibi mmoja aliyerudi kutoka Masisi, Zaire, alisema mwenye nyumba amefukia dawa ili asiye wake asilale. Familia iliyotoka Karagwe, Tanzania, ikashauri majivu na magadi. Kila mtu alileta ugonjwa wa nchi aliyotoka, na bafu likapokea dawa za nchi tatu bila kupona.

Mwisho Donatille aliita akina mama wa rozari. Walikuja saba. Bafu la kutosha mtu mmoja likabeba saba, mmoja amekalia kifuniko cha choo, wawili wamesimama ndani ya sinki la kuogea, viatu wameacha mlangoni. Walimwombea aliye chini ya sakafu, ambaye hawakumjua jina, wakamwita fulani. Donatille alipiga magoti akaweka kiganja juu ya kigae. "Kama uko humo, mtoto wa Mungu," alisema kwa machozi ya kweli, "utusamehe. Sisi tulikuta mlango uko wazi." Hiyo haikuwa kweli kabisa, Achille aliuvunja kwa bega, lakini haikuwa saa ya kubishana na maombi.

Halafu akaja afande.

Alikuja na gari la jeshi, askari wawili nyuma yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, na hao ndio wa kuogopa. Alizunguka uani, akautazama mparachichi, akahesabu madirisha.

"Mama, nyumba hii iko kubwa," alisema. "Nyinyi muko watu watatu tu."

Donatille aliona vigae vyake vinaondoka. Miaka kumi na minane ya soko haikumfundisha kushika bunduki, ilimfundisha kutokosa neno. Akaufungua mlango wa bafu mpaka mwisho.

"Karibu, afande, nyumba ni ya wote. Ila iko mtu humu chini. Tumemupata, tunangoja padri."

Afande alisimama kizingitini. Harufu ikampokea. Kisha akafanya jambo ambalo Donatille hakulitegemea: alivua kofia, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba askari wake nao wakavua zao.

"Mumuzike vizuri," alisema, akaondoka na hakurudi tena.

Siku ile Donatille aliona haya. Kesho yake haya zilipungua, na wiki iliyofuata alikuwa amegundua kwamba harufu yake ni askari asiyekula. Alipokuja Keith, kijana wa wizara aliyelelewa Kampala na aliyekuwa akitafuta "makazi ya kufanana na kazi yake", alioneshwa mlango wa bafu akakumbuka ana kikao. Alipokuja binamu wa mbali na watoto sita, alioneshwa mlango wa bafu. Lakini hadithi ikisimuliwa mara nyingi hutaka nyama. Mara ya kwanza aliyepatikana alikuwa mtu. Mara ya tatu alikuwa mzee. Jumanne moja, alipomwona Keith amerudi na mwenzake na hawaelekei kuamini, Donatille akaongeza kwamba mzee huyo alikuwa amevaa miwani. Miwani ikafanya kazi nzuri mno. Mtu mwenye miwani huwezi kumtilia shaka.

Yule mzee akatoka Kimihurura midomoni mwa watu, akateremka sokoni, akapanda magari ya mizigo, akaenda zake.

Nyumba basi ilikuwa salama, na ndani yake hakukuwa na raha. Natacha alipigia mswaki chini ya mparachichi. Donatille mwenyewe, aliyejua kuwa amesema uongo, alipita mbele ya mlango ule akifanya ishara ya msalaba, maana uongo wake ulikuwa na harufu. Na juu ya hayo akafanya ujanja mwingine. Wezi walikuwa wengi, akajiuliza ni mwizi gani ataingia humo, akaliburuta sanduku la vitenge na kuliweka bafuni, kwenye pembe nyuma ya mlango. Ujanja huo ulikuwa mzuri kwa wiki mbili. Wiki ya tatu mteja alikunjua kitenge cha maua ya manjano, akakileta puani, akamtazama Donatille usoni, akakikunja tena taratibu na kumpa pole ya msiba.

"Harufu lazima itoke," Donatille alisema siku hiyo jioni.

"Ikitoka, afande atarudi," alisema Achille.

"Afande atajuaje?"

"Basi unataka itoke au ibaki?"

Donatille alitaka harufu itoke na sifa yake ibaki. Hakuona kwa nini liwe jambo gumu.

Ndipo akaitwa Jean-Bosco, fundi bomba, naye mtoto wa Bujumbura, mtu wa maneno mengi aliyetembea na spana begani hata akienda misa. Alinusa sinki la mikono, akalifungua, akalifunga. Akanusa choo. Akaliinamia sinki la kuogea mpaka shavu likagusa. Kisha akaliendea sanduku.

"Hii tuitoe, mama."

"Sanduku halina pua, liache." Hakutaka mgeni ajue uzito wake. Fundi akijua uzito, mtaa mzima utajua.

Jean-Bosco alikuwa mfanyabiashara kama yeye, akaelewa kwamba mteja hapendi, akaacha. "Kama ni hivyo, iko fosi," alisema. Fosi ni lile shimo la choo lililojengwa kwa saruji uani, lenye mfuniko wa zege wa kuinuliwa na watu watatu. Hapakuwa na mtu aliyekuwa amelifungua tangu Aprili.  Mahali pote alipokuwa ametafuta alikuwa ametafuta huku akiomba asipate. Shimo alikuwa amelisahau kwa makusudi.

Walipanga Jumamosi ya pili ya Novemba. Alitaka lifanyike kimya kimya, lakini Jean-Bosco alikuwa tayari amewaambia watu kumi kwa nini hana nafasi Jumamosi. Asubuhi watu walijaa uani kama wanaongojea maiti, na kweli ndivyo walivyokuwa. Winifred alikuja amefunga pua kwa leso. Akina mama wa rozari walikuja wote saba. Katekista Nsengiyumva alikuja na chupa ya maji ya baraka na daftari la kuandika jina, kama jina litapatikana. Wengine Donatille hakuwajua kabisa. Mwaka ule watu walikuwa wakisikia shimo linafunguliwa wanakwenda, hata likiwa mbali, kila mmoja na mtu wake moyoni.

Jean-Bosco na wanaume wawili wakaingiza mtaimbo. Mfuniko ukalia, ukainuka.  Fundi akalala kifudifudi, akaingiza kurunzi, kisha mti mrefu, akaukoroga huku na huku. Alikaa hivyo mpaka Natacha akaanza kulia kwa kungoja tu.

"Hakuna mutu," alisema.

"Angalia vizuri," ilisema sauti ya mama mmoja kutoka nyuma ya watu.

"Nimeangalia. Iko mavi tu, mama. Tena kidogo."

Katika miji mingine maneno hayo yangewachekesha watu. Hapa wanawake wawili walikaa chini wakalia kwa shukrani, na Winifred akafungua leso yake akavuta hewa ya shimo lile kwa kifua chote. Mwaka ule, shimo lenye kilicho chake tu lilikuwa habari njema. Watu wakapeana mikono, wakatoka mmoja mmoja. Ila katekista Nsengiyumva alibaki na daftari lake wazi.

"Na yule muzee, Mama Achille? Yule wa miwani, mulimupatia wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Donatille ilifika mwisho pale, pembeni ya fosi. "Mwalimu," alisema, "hapo tulidhani tu." Nsengiyumva alimtazama kidogo, akafunga daftari, akaenda bila kunyunyiza maji yake. Donatille alijiambia ameponea chupuchupu. Aligeuka ili aingie ndani, ndipo akaona kwamba chini ya mparachichi bado kuna mtu.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, amevaa sweta la kiume lililomfika magotini. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la mbali. Kifuani alikumbatia mfuko wa plastiki.

"Mwiriwe, mubyeyi," alisalimia, kwa heshima ambayo mtu humpa mzazi.

"Mwiriwe, mwanangu. Wamemaliza, hakuna kitu. Unaweza kwenda."

"Nilisikia. Lakini mimi sikuja kwa fosi. Nilikuja kwa ule muzee mulimupata kwanza. Mulimuzika wapi?"

Donatille alitazama geti. "Muzee gani?"

"Wa miwani. Niko Masaka, hii ya nje kidogo ya Kigali, kuko watu wananisaidia. Mutu mumoja wa soko alisema: Kimihurura, nyumba yenye muti wa avoka kama huu, chini ya bafu wamepata muzee na miwani yake." Alisita. "Baba yangu alikuwa na miwani. Na hapa ni kwetu."

Mimi sitamficha Donatille: katika maneno yote hayo, neno lililogonga sikio lake kwanza lilikuwa lile la mwisho. Moyo wake ulikimbilia vigae kabla ya kukimbilia baba wa mtu.

"Watu watano wamekuja hapa wakisema ni kwao," alisema kwa sauti ya dukani. "Uko na karatasi?"

"Sikuja kwa nyumba, mubyeyi." Msichana akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na shuka jeupe, la kuazima bila shaka, limefuliwa na kukunjwa kwa uangalifu mikunjo minne. Akalitoa, akalikunjua kidogo. "Nilileta hii. Sikujua kama mulipata ya kumufunika."

Miwani Donatille aliibuni mwenyewe, siku ya Jumanne, amesimama kwenye kizingiti hichohicho, ili hadithi isimame vizuri. Sasa alilitazama shuka akaona aibu inampanda kutoka miguuni. Alitafuta uongo mwingine wa kusaidia ule wa kwanza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuupata.

"Mwanangu, hatukupata mutu," alisema. "Hatukupata hata siku moja. Ilikuwa harufu tu. Harufu ya bafuni. Nilisema vile ili watu wasitutoe."

 Msichana alilikunja shuka, akalirudisha mfukoni, akakosea mkunjo, akarudia. Kisha akauliza jambo la ajabu.

"Harufu ya bafuni? Inakuja na kupotea?"

"Ndiyo."

"Naweza kuona?"

Aliingia ndani bila kuoneshwa njia. Alipita sebuleni, akakwepa kipandio cha zege ambacho Achille bado alijikwaa kila siku, akafungua mlango wa bafu, akasimama akinusa. Donatille, Natacha, Achille na Jean-Bosco walimfuata kama wanafunzi.

"Nani aliweka sanduku hapa?"

"Mimi," alisema Donatille.

"Tuitoe."

Safari hii Donatille hakubisha. Walilivuta, yeye upande mmoja na Achille upande mwingine, na Jean-Bosco akausikia uzito wote ukiburutwa sakafuni. Chini ya sanduku, kwenye pembe, palikuwa na kitundu cha sakafuni chenye wavu mdogo wa shaba, upana wa kisosi.

"Maji," alisema msichana.

Jean-Bosco alijipiga kofi la paji la uso. "Sifoni!" alisema. "Mama, niliambia tutoe ile sanduku!" Akaeleza haraka, kwa aibu ya mtu aliyefungua fosi bure: kitundu kile chini yake kina bomba lililopinda kama kiwiko, na katika kiwiko lazima maji yakae, ndiyo yanayozuia pumzi ya fosi isipande. Nyumba ikikaa bila watu, maji yanakauka. Yakikauka, fosi linapumulia ndani. Kumwaga maji kidogo tu kunatosha. Donatille alikumbuka ndoo zake zote, zilizobebwa kwa uangalifu kwenda kwenye vitunguu. Alikuwa amempangusa adui kwa miezi mitatu, kisha akamkalishia sanduku la vitenge juu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hawakuwa wamewahi kufika Kimihurura.

Msichana aliichukua jerikani kutoka kwa Achille, akachuchumaa, akamimina taratibu. Kitundu kilikunywa, kikabeua, kikanyamaza.

"Baba alimimina kopo mbili kila Jumapili," alisema bila kugeuka. "Tukitoka misa. Tukisahau alikuwa anatupigia kelele: nyumba bila maji inaoza! Tulimucheka sana."

Wakafungua dirisha, wakangoja. Upepo ukaingia ukatoka. Baada ya muda mfupi Natacha aliinua ile pua yake, akazunguka bafu zima, akasema, "Haipo." Na kweli haikuwepo. Ilinuka sabuni na chokaa na mvua ya nje. Lilikuwa bafu zuri kuliko yote Donatille aliyowahi kuyaona, na lilikuwa limehitaji makopo mawili ya maji.

Jean-Bosco akacheka peke yake, akaacha. Msichana naye alianza kama anayecheka. Halafu akaketi juu ya sanduku la bati, akafunika uso kwa mikono ya lile sweta kubwa, akalia kilio cha chini, kisicho na haraka, kama mtu aliyekiahirisha kwa muda mrefu. Hakuna aliyemgusa. Donatille alitaka kusema *ihangane*, kama wanavyosema kwa mfiwa, lakini aliona kwamba neno hilo halifai kinywani mwa aliyemleta mfiwa kwa uongo.

Mwishowe msichana alisimama, akajifuta, akaokota mfuko wake.

"Asante kwa maji, mubyeyi. Mukisikia mutu amepatikana, popote, munitumie habari. Masaka, kwa Nyiransabimana anauza mutama. Watu wote wanamujua." Akapita sebuleni, akakikwepa kile kipandio, akatoka. Walisikia geti likifungwa kwa adabu.

 Jean-Bosco alijifanya anatafuta spana iliyokuwa begani mwake.

"Mama," Achille alinong'ona, na sheria zake zote zikiwa zimelala, "hakudai nyumba."

Ilikuwa kweli. Donatille alisimama kwenye kizingiti cha bafu lake safi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, muda wa mtu kufika barabarani na kukata kona. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Jioni hiyohiyo angechemsha maji, angefunga komeo kwa ndani, angeoga kama alivyokuwa akisema angeoga tangu akiwa msichana katika foleni ya Buyenzi. Mkono wake ulikuwa tayari uko kwenye komeo.

"Hakudai nyumba," alisema. "Alidai baba yake. Na mimi ndiye nilisema ninaye."

Akatoka mbio bila viatu, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mwili wake, akapita chini ya mparachichi, akalifungua geti. Msichana alikuwa keshafika mbali, juu kwenye barabara ya udongo, mfuko kifuani. Donatille alitaka kumwita, akakuta hata jina lake hakumuuliza. Basi akapaza ile sauti ya sokoni, iliyowahi kuita wateja kutoka ng'ambo ya pili ya soko la Bujumbura, kwa jina pekee alilolijua.

"Mwenye nyumba! Wewe, mwenye nyumba! Rudi!"

Winifred alitokeza kichwa juu ya ukuta, madirisha yakafunguka mtaa mzima, na msichana akasimama.